Maji ya Ziwa Kwenye Rejeta

Nilifunga safari kwa sababu ya jicho la kulia la mama yangu. La kushoto lilikufa zamani, na hilo la kulia sasa lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, hata akawa anatutambua kwa sauti. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Mwanza kwa wiki moja tu, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Jumatatu, saa mbili asubuhi. Akikosa wiki hiyo angesubiri mwaka mzima, na mama ana miaka sabini na minne.

Mama huyu alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba kijijini kwetu. Wakulima walibishana na kila mtu isipokuwa yeye. Mtu akimwomba asukume kidogo, aandike kilo karibu na hizo, alijibu, "Mizani haijui karibu-karibu." Tumelelewa na neno hilo, mimi na mdogo wangu Masanja, na mtaona tulivyolitumia.

Jumamosi saa moja asubuhi, Ilemela, Mwanza. Gari nililoondoka nalo kumfuata mama kijijini ni letu sote wawili. Ni dogo, la otomatiki, tulilinunua pamoja miaka sita iliyopita likiwa limeshatumika huko lilikotoka. Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi, Masanja anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na tunapokezana gari. Utaratibu wetu ni kwamba aliyelitumia hurudisha mafuta na kulipeleka kuoshwa. Mengine tuliyaita "ya wote", na ya wote hakuna aliyeyashika.

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimempigia simu.

"Masanja, gari zima?"

"Zima kabisa, dada. Nimeliosha leo."

Nayarudia maneno hayo ili msomaji ayaone vizuri. Niliuliza uzima, nikajibiwa usafi, na mimi mwalimu mzima nikaridhika, nikalala.

Saa tatu kasoro, Magu. Mshale wa joto ulikuwa umepanda kupita katikati. Nikasimama penye kivuli, nikangoja gari lipoe, kisha mwenye kibanda cha soda akanisaidia kuongeza maji kwenye rejeta. Rejeta ilikunywa chupa nne. Nikampigia Masanja tena, nikamuuliza kama kwenye rejeta huwa anaweka ile dawa ya kupozea injini inayouzwa madukani.

"Ya nini, dada? Tumezungukwa na ziwa, tukanunue maji?"

Hivyo ndivyo nilivyojua. Gari letu huoshwa ufukweni, na waosha magari wa pale wana ukarimu wao: wakimaliza kuosha, hujaza rejeta kwa ndoo ileile waliyochotea ziwani. Hawakudai chochote kwa hilo, na sisi kwa miaka sita tulikuwa tunawaambia asante. Nilipandwa na hasira pale barabarani mpaka mwenye kibanda akaniuliza kama nimepata msiba.

Adhuhuri nilifika kijijini, mbele ya Lamadi, upande wa ziwani. Mama alikuwa ameshafunga mzigo wake tangu juzi, na majirani wote walikuwa wameambiwa kwamba watoto wake wanamfuata kwa gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Kabula. Mbona gari linanuka kama pasi?"

Nikamwambia ni safari ndefu. Mama aliligusa boneti kwa kiganja, akakiondoa haraka.

Jumapili, baada ya kanisa, tulianza kurudi. Niliendesha taratibu, madirisha wazi, macho kwenye mshale. Tulipoiacha Magu nyuma kidogo mshale uligonga mwisho, mvuke ukatoka mbele, na gari likachemsha. Nilizima injini, nikalisogeza pembeni. Dereva mmoja wa lori akasimama kutusaidia, akakimbilia kifuniko cha rejeta na kitambaa mkononi, akisema anakifungua. Mama, asiyeona hata kidole chake, alimzuia kwa sauti.

"Baba, hapana! Sufuria linalotokota halifunuliwi kwa uso. Ungoje lipoe."

Yule bwana akarudi nyuma, akacheka kwa aibu, akaenda zake. Mimi nikampigia Masanja. Kuliacha gari pale tuliogopa, maana tungerudi tukute limebaki bodi.

Saa tisa alasiri Masanja akafika na pikapu ya rafiki yake, yeye mwenyewe akiiendesha. Alikuja na kamba ya nyavu, aliyoazima kwa jirani yake wa sokoni. Nikamwambia kwanza tutoe ile pete ya chuma inayokaa na vifaa vya tairi la akiba, ambayo huzungushwa mbele ya gari kwa ajili ya kufungia kamba. Tukafungua nyuma. Jeki ipo, spana ipo, pete haipo.

"Iko wapi?"

"Haikuwepo tangu zamani," alisema Masanja, akainama haraka kutafuta pa kufunga. Alilala chini, akapitisha kamba kwenye chuma alichokiona cha kwanza, akaikunja mara mbili ili iwe imara. Kwa kuikunja, ikabaki ya hatua mbili.

"Fupi hiyo, Masanja."

"Fupi ndiyo nzuri, dada. Ndefu inayumba."

Mama akapandishwa pikapu, mbele, upande wa abiria. Mkanda wa kiti ulikuwa umekatika, hakuna aliyejali. Mimi nikakaa kwenye usukani wa gari bovu, injini imezimwa, gia nimeweka huru. Nilimwambia Masanja aende polepole. Akaitikia kwa kunyoosha kidole gumba, kisha akaondoka kama anawahi boti.

Ambaye hajawahi kukaa kwenye gari linalovutwa injini ikiwa imezimwa hajui hali ilivyo. Usukani unakuwa mzito, unaugeuza kwa mabega. Breki unaikanyaga mara mbili tatu, halafu inakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta. Nilipiga honi, niliwasha taa za hatari, nilipiga kelele. Masanja alikuwa mbele na redio yake.

Karibu na daraja la mto Simiyu, ng'ombe waliingia barabarani. Masanja akashika breki. Nami nikakanyaga kwa miguu yote miwili, gari likaendelea kwenda kana kwamba sijakanyaga kitu, na kwa kamba ile ya hatua mbili nikaigonga pikapu kwa nyuma. Haukuwa mshindo mkubwa. Lakini mama hakuwaona ng'ombe, hakujua breki inakuja, na hakuwa na mkanda. Alikwenda mbele, akajipiga kwenye dashibodi, juu kidogo ya jicho la kulia.

Nilimkuta ameshika nyusi. Damu ilikuwa kidogo, ila uvimbe ulikuwa unakua nikiutazama.

"Ni bahati mbaya tu," alisema Masanja.

Nilimwambia yote pale barabarani mbele ya wachunga ng'ombe. Nilimwambia bahati mbaya haifungi kamba, haikati mkanda wala haijazi rejeta matope. Nilimwambia mama ana jicho moja duniani, na jicho hilo lina miadi ya kesho saa mbili. Alilia, na kulia kwake hakukunipunguzia hasira hata kidogo.

Nilimpigia mwalimu mwenzangu, akanitafutia Kiran. Ni mtu wa makamo, mwenye gereji Nyamagana, kazi aliyorithi kwa babu yake, na ana lile gari lenye kitanda linalobeba magari mazima. Saa kumi na moja kasoro alikuwa amefika. Kabla ya kugusa kitu alikwenda kwa mama, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba," mama akajibu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Magu.

Kiran akapanga pembetatu nyekundu mbali nyuma yetu, akaweka mawe kwenye matairi, ndipo akachungulia chini.

"Mmelivuta umbali gani?"

"Kama kilomita kumi hivi," nikasema.

"Kwa mwendo gani?"

Masanja akatazama mto.

"Gari hili linasukumwa na matairi ya mbele, na ni la otomatiki," alisema Kiran. "Injini ikizimwa, gia boksi haipati oili yake, na nyinyi mmeizungusha kavu. Hili halivutwi matairi ya mbele yakiwa chini. Linabebwa, au linanyanyuliwa mbele. Mngefika nalo Mwanza hivi, gia boksi mngeizika. Washukuruni ng'ombe."

"Na kamba?" nikauliza, maana nilitaka Masanja asikie.

"Kamba fupi ni ya mbuzi, dada. Ya gari iwe hatua tano sita, na ifungwe kwenye pete yake. Huyu amefunga kwenye mkono wa tairi."

Akalipandisha gari kitandani taratibu kwa waya wa chuma, akalifunga pande nne. Mama alikaa naye mbele, mkanda kifuani. Tuliingia mjini jua likiwa bado juu ya ziwa.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari alimtazama mama kwa taa yake, akabonyeza uvimbe, akatikisa kichwa.

"Leo siwezi. Uvimbe umekaa karibu mno na jicho. Mrudisheni Ijumaa. Ukishuka, tunafanya. Usiposhuka, sisi Jumamosi tunaondoka."

Mama alisema asante daktari, kama mtu aliyepewa bei asiyoitarajia. Wiki ile nilimkanda kwa maji baridi asubuhi na jioni, na kila nilipomkanda hasira yangu ilitafuta mtu mpya.

Jumanne nilikwenda gereji. Kiran alifungua rejeta mbele yangu. Yalitoka maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakafuata matope, kisha kipande cha gugumaji chenye mzizi wake.

"Hapa ungeweza kufuga kambale," alisema.

Akanionyesha pia kwamba themostati, kile kidude kinachopima joto na kuruhusu maji yapite, hakikuwepo. Fundi fulani alikitoa zamani, kama mafundi wengi wanavyofanya, kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto, hakina kazi. Nilimuuliza kwa ukali fundi wa namna hiyo akitibiwa meno huwa anang'olewa na ulimi. Kiran akaniangalia, akatoa kadi ndogo ya njano iliyokuwa imefungwa kwa waya chini ya boneti, akanipa nisome. Niliitupa kwenye droo ya dashibodi, maana nilikuwa na haraka ya kwenda kugombana.

Mchana ule nilikuwa Mwaloni. Masanja alikuwa anapima dagaa. Mizani yake inaning'inia kwenye boriti, na kati ya boriti na mizani palikuwa na pete ya chuma yenye nyuzi kama za skrubu, nene, iliyopakwa rangi nyeusi. Niliijua papo hapo.

"Hii nini?"

"Ya kuning'inizia mizani."

"Masanja!"

"Ilikuwa inakaa bure, dada. Miaka yote hatujavutwa hata siku moja."

Niliifungua palepale, dagaa zikamwagika, wateja wakacheka. Nilimwambia kwamba mtoto wa karani wa mizani amening'iniza mizani kwenye jicho la mama yake. Alikusanya dagaa zake mpaka akamaliza, akasimama.

"Sawa, nimekosa. Ila wewe, dada, gari linakaa kwako wiki mbili kila mwezi. Umewahi kufungua boneti?"

Nikamjibu asibadilishe mada. Niliondoka na pete yangu mkobani.

Ijumaa uvimbe ulikuwa umeshuka. Waliingia naye wa mwisho kabisa kwenye orodha. Jumamosi asubuhi bandeji ikatolewa, mama akapepesa mara kadhaa, akanitazama muda mrefu.

"Kabula," alisema, "umezeeka."

Nililia mbele ya wauguzi, na Masanja aliyekuwa mlangoni akalia kuliko mimi.

Wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, tulimrudisha nyumbani. Gari lilikuwa limesafishwa rejeta, limewekwa themostati na maji yake halali, oili mpya, breki zimekaguliwa, pete iko mahali pake. Masanja alikaa nyuma. Mama alikaa mbele na alisoma kila kitu: mabango ya Kisesa, majina ya maduka, namba za magari yaliyotupita. Kwenye daraja la Simiyu aliushika mkanda wake. Alisoma namba za kilomita kwenye dashibodi, bila kuruka tarakimu, kama alivyokuwa akisoma kilo za pamba.

"Laki moja, sitini na tatu elfu, mia mbili na kumi."

Tulipokaribia Magu alifungua droo kutafuta kitambaa, akatoa ile kadi ya njano. Akaisogeza mbali kidogo na uso.

"'Oili ibadilishwe kilomita laki moja arobaini na nane elfu,'" alisoma. Akatazama tena dashibodi. "Hii ilikuwa wapi?"

"Chini ya boneti," nikasema.

"Muda wote?"

Nyuma Masanja aligeukia dirishani. Na mimi, ninayemrudisha mtoto mwanzo wa swali akiruka maelekezo, mimi niliyewalaumu waosha magari na mafundi, nikamfokea mdogo wangu mbele ya soko zima, nilikaza macho barabarani. Kadi ile ilikuwa kwangu wiki mbili za kila mwezi.

"Mimi nilikuwa na mtoto wa jicho," alisema mama. "Nyinyi mlikuwa na nini?"



Asubuhi ya kurudi Mwanza, kabla injini haijawashwa, nilifungua boneti mwenyewe. Nikamwonyesha Masanja kiwango cha maji kwenye chupa ya rejeta, yeye akapima upepo wa matairi. Nilichomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena, nikasema iko sawa, karibu na alama. Mama alikuwa amesimama kando na kanga yake. Akanyoosha mkono, akakichukua kijiti, akakielekeza kwenye mwanga na kukisoma kwa jicho lake jipya.

"Iko katikati ya alama mbili," alisema. "Sasa nendeni."