Mkono Wangu wa Kupima Kuku

Mizani sina na sijawahi kuwa nayo. Kuku wa Singida nimewanunua kwa mkono tangu ujana wangu, nikawapeleka Dodoma kwenye matenga juu ya lori, na nyumba hii ya bati ninayokaa imejengwa na mkono wa kulia. Shule niliacha darasa la pili, na sijaona bado kilichonipungukia.

Kuku usimpime kwa macho. Akijitunisha manyoya unamwona mnene, kumbe ni kijiti kimevaa koti. Mshike. Pitisha kidole gumba kwenye mfupa wa kidari, utajua kama kuna nyama. Kisha shuka nyuma, kwenye mifupa ya nyonga. Vidole viwili vikipita katikati, huyo anataga. Hayo yote nilikuwa nayafanya huku nimegeukia kwingine, napiga soga, naitikia salamu. Mkono ulikuwa unaona wenyewe.

Halafu kiharusi kikanipitia. Mdomo ukarudi, mguu ukarudi. Mkono wa kulia nao ulirudi na nguvu zake zote, ila haukusikia kitu. Asubuhi moja niliamka nikakuta mkono umenilalia kifuani, mzito. Nikamwambia mke wangu, "Mama, toa mkono wako, unanibana pumzi."

Akanitazama. "Ni wako huo, baba."

Nilicheka, lakini jasho lilinitoka. Mganga wa hospitali akanieleza kwamba nguvu ipo, hisia ndiyo haifiki kichwani, kwa hiyo nitumie macho. Nikaona dogo hilo. Mnada uliofuata wa Ilongero nikaenda.

Nilishika mtetea wa kwanza vizuri kabisa, namtazama. Kijana mmoja akapita nyuma yangu, "Shikamoo, mzee." Nikageuka. "Marahaba." Niliporudisha macho, vidole viko wazi kama vya mtu anayeomba, na kuku keshafika kwenye turubai la mitumba anakanyaga mashati. Mimi moyoni nilikuwa bado nimemshika. Ningeapa!

"Mzee leo anawapa uhuru!" mtu akapiga kelele, na mnada mzima ukaangua kicheko.

Nyumbani mke wangu hakucheka. "Kaa tu. Kuku atanunua mpwa wako."

"Mpwa wangu anapima kwa macho."

"Na wewe unapima kwa nini sasa?"

Hapo alinipata. Watu wananiletea kuku mimi, wakiwapita wanunuzi wengine wenye magari mazuri, kwa sababu nikisema huyu ana nyama, ana nyama. Nikikaa nyumbani, basi mimi ni babu wa kuota jua. Nikasema sikai.

Nikateremsha kioo cha ukutani nikakisimamisha mezani katikati ya mikono. Zoezi hilo nilifundishwa hospitali. Mkono wa kushoto mbele ya kioo, ndani ya bakuli la mtama. Wa kulia nyuma ya kioo, nao kwenye mtama wake. Unatazama kioo tu, unachezesha yote miwili sawasawa, na kivuli cha kushoto unachokiona pale kinakuwa kama mkono wa kulia unaochambua nafaka. Mke wangu aliingia na kuni akasimama mlangoni.

"Baba watoto, unajitazama uzuri?"

"Uzuri ninao. Natafuta mkono."

Nilikaa na kioo kile mpaka mtama ukavunwa tena. Na siku nyingine, nikitazama vizuri, punje zilinichoma mkono wa kulia kwa mbali, kama kitu kinachogusa kupitia blanketi. Nikifumba macho, hakuna. Haukupona, nisidanganye mtu. Lakini ulirudi kuwa wangu. Na kushoto, kwa kazi ile ya kila siku, kukawa kunasikia kuliko nilivyodhani kunaweza. Nikaufundisha mkono huo kupima kuku wote wa uani, mpaka majogoo wakawa wananikimbia.

Nikarudi mnadani. Mama mmoja wa rika langu alikuwa na mtetea mweusi. Nikapeleka mkono wa kushoto. Akamrudisha kuku kifuani kwake haraka.

"Kushoto? Nimekukosea nini, baba?"

Kwetu mkono ule hupokei nao kitu cha mtu, hata karanga. Na mimi, niliyeishi maisha yangu yote mnadani, nilikuwa nimeusahau mwiko huo kwa kufurahia ufundi mpya. Watu wakaanza kusogea karibu, hasa wale wa kicheko cha siku ile. Sikumweleza habari za kiharusi. Sikutaka kununua kuku kwa kuhurumiwa.

Nikaleta na mkono wa kulia. Nikaunyanyua kwa macho, nikauweka juu ya mgongo wa kuku, kushoto kukamkinga chini, kama mtu anayepokea zawadi.

"Ee, hapo sawa," mama akasema, akamwachia.

Juu macho yanalinda mkono wa kulia. Chini, kushoto kunatembea. Kidari kimejaa. Nyonga, vidole viwili, vikapita.

"Huyu anataga. Mbona unamuuza?"

"Anakula mayai yake mwenyewe, mchawi huyo!"

Wakacheka, lakini safari hii walimcheka kuku. Na katikati ya kicheko, nyuma yangu, sauti ya kijana: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikasema, na sikugeuza shingo. Nilikodolea vidole vyangu mpaka kuku akaingia tengani na mlango ukafungwa.

Siku hizi naambiwa mawili. Akina mama wanasema nimekuwa na adabu, napokea kuku kwa mikono miwili. Vijana wanasema nimekuwa na maringo, naitikia salamu bila kumtazama mtu. Waseme. Wote wanajua matenga yangu yanajaa kabla ya yale ya wengine, na hakuna kuku aliyenitoroka tena.