Majani Mlangoni kwa Kinyozi

Tulimpa jina la Breki wiki ileile aliyohamia, na sababu ilikuwa namna yake ya kutoka chumbani. Anasimama kizingitini, anatazama kulia, anatazama kushoto, kulia tena, ndipo anakanyaga nje. Ujia wetu ni wa saruji, mwembamba, watu wawili wanene wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, na hakuna kinachopita humo zaidi ya ndoo za maji na paka wa mwenye nyumba. Yeye alisimama kama anayesubiri msafara upite. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na jina likakaa.

Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu tangu ujana wake. Alilala kebini, alikula amesimama, alivuka mipaka ambayo mimi naisikia redioni tu. Mgongo ulipomkatalia, tajiri wake akamshukuru kwa utumishi wake na kumpa lori lake dereva mwingine, naye akaja kuishi kwa mkewe. Nasema kwa mkewe kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mkewe ni fundi cherehani. Alihamia mji huu peke yake, akatafuta chumba peke yake, akapata wateja peke yake, na mume alikuwa akipitia tu lori likishusha mzigo karibu, analala, anaondoka kabla hatujaikariri sura yake. Sisi tulimjua Fundi. Huyu mwingine tulimwona kama mgeni aliyesahau kuaga.

Yeye naye alituona wezi. Hakusema hivyo kwa mdomo, ila mtu akikufungia dirisha usoni huhitaji mkalimani. Dumu lake la maji alilifunga kamba kwenye nondo ya dirisha. Nguo za mkewe zikianikwa, alitoa kigoda akakaa chini yake mpaka zikauke. Mimi nauza mitumba na chumba changu kimepakana na chao, kwa hiyo asubuhi tunaonana tutake tusitake. Nikimwuliza, "Umeamkaje, jirani?" ananijibu, "Kwani umesikia nini?" Akaniita Redio, eti kwa kuwa sizimwi. Sikukasirika sana. Nilikasirika kiasi.

Fundi alinieleza siku moja, sindano mdomoni, kwamba nisimchukulie vibaya. Huko barabarani, anayekuchekea ukiwa umeegesha anataka dizeli yako. Anayekuuliza unakwenda wapi anataka kujua utalala wapi. Mtu akikaa humo miaka yote hiyo, salamu inageuka kuwa mtego. Nilielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na kutazamwa kila siku kama umebeba tairi la mtu ni kitu kingine.

Aliyemnyima usingizi hasa alikuwa kinyozi. Kinyozi anakaa chumba cha mbele, jirani na geti, mtu wa maneno mengi na manukato mengi, na tangu Fundi afike hapa anamwita dada. Kwa hiyo mume wa dada alipokuja, yeye kwa furaha zake zote akaanza, "Shemeji, habari za leo? Shemeji, njoo nikupunguze hizo nywele." Breki alikuwa akipita kimya. Siku ya nne au ya tano akasimama.

"Huo ushemeji umeanza lini?"

"Si umemuoa dada yangu?"

"Mke wangu ni kitinda mimba. Kaka zake wote nawajua, na wewe humo sijakuona."

Tuliokuwepo tulicheka tukidhani ni utani. Kinyozi pia alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki, akarudi ndani kunoa wembe usiohitaji kunolewa.

Halafu likaja la ufunguo. Fundi ana desturi ya kumwachia kinyozi ufunguo wa akiba, maana anapokwenda kununua vitambaa wateja huja kuchukua nguo zao, na kinyozi hatoki pale mbele. Wapangaji wote tulijua. Breki hakujua. Siku moja akarudi mapema kutoka kazini, siku hizi analinda gereji ya matairi, akamkuta kinyozi anatoka chumbani kwao amebeba sare za shule za mteja mkononi. Kuta zetu ni nyembamba, na sikuwa na haja ya kusogea kitandani.

"Ufunguo wa chumba changu uko mfukoni mwa mwanaume mwingine."

"Chumba changu," Fundi akasema. Hakupandisha sauti. "Nimekipanga mimi. Watu hawa ndio walionipokea. Nilipougua walinipikia, na wewe ulikuwa mpakani unasubiri kugongewa muhuri. Wamekuvumilia kwa ajili yangu. Ukinigombanisha nao tena, utafute kwa kwenda. Nasema kweli."

Nilijua anasema kweli, kwa sababu Fundi si mtu wa vitisho. Akikwambia gauni halitakuwa tayari Ijumaa, halitakuwa tayari Ijumaa. Baada ya hapo nikasikia cherehani tu. Wakanuniana siku ile na iliyofuata, na mimi kwenye chumba changu nikawa natembea kwa vidole kama vile ugomvi ni wangu.

Asubuhi ya siku ya tatu nikatoka na ndoo, nikakuta majani. Matawi mabichi, yamekatwa kwenye ua wa nyuma, yamepangwa chini katikati ya ujia. La kwanza lilikuwa karibu na mlango wa uani. La pili mbele kidogo. Kadiri yalivyokwenda ndivyo yalivyokaribiana, mpaka mlangoni kwa kinyozi yakawa chungu zima. Hapo nikatua ndoo yangu. Sikusema ni uchawi. Nilisema tu, kwa sauti ya kusikika vyumba vyote, kwamba jambo hili si la kawaida.

Watu wakatoka. Mwenye nyumba akaja na kanga yake mabegani, akayazunguka majani kwa mbali, akauliza nani ana ugomvi na kinyozi. Macho yote yakaenda mlango mmoja. Breki alikuwa pale, amesimama kizingitini, tayari kwenda kazini.

"Ni mimi niliyeyaweka," akasema.

"Kwa nini mlangoni kwangu?" kinyozi akauliza. Leo neno shemeji hakulisema.

"Unajua maana yake."

"Sijui."

"Mnajua wote. Mtoto mdogo anajua. Msijifanye wajinga ili mpate sababu ya kunitoa hapa." Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nimeshaonya. Atakayepita hapo na apite, asije akasema hakuonywa."

Jamani! Mtu anakuwekea majani mpaka mlangoni, halafu anakwambia atakayepita na apite. Breki akashika njia yake, akapita ukutani kabisa, ubavu umegusa chokaa, akatokomea getini. Hata hilo la kupita ukutani tulilihesabu kuwa ni masharti ya mganga. Fundi alitoka tukiwa bado tumesimama, akaona nyuso zetu, akaona majani, akarudi ndani kwa aibu bila kuuliza. Kinyozi akavuta pumzi, akachukua fagio, akayafagia yote mpaka jalalani huku midomo ikimcheza. Alikuwa anasoma dua, naye si mtu wa dua.

Haukupita muda mrefu Fundi akatoka na furushi la nguo za mteja kichwani. Alitembea haraka, uso chini, hakutaka kusalimiana na mtu. Mbele ya mlango wa kinyozi ipo chemba ya maji machafu, na mfuniko wake ni bamba la zege tunalolikanyaga kila siku bila kulitazama. Likapasuka chini yake kama biskuti. Mguu mmoja ukazama hadi juu ya goti, na mwili ukaangukia upande wa pili.

Nilisikia mfupa ukivunjika. Nilipofika kinyozi alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye uchafu ule na shati lake la manukato, amemshika Fundi kwapani, anamwambia, "Nimekushika, dada, nimekushika." Na mimi, nikiwa nimesimama pembeni na vipande vya bamba, ndipo akili ikanirudia. Nimepanda basi, nimeyaona mara nyingi. Lori likiharibikia barabarani, dereva anakata matawi anayapanga nyuma yake, machache kwa mbali na mengi kwa karibu, ili anayekuja apunguze mwendo: mbele kuna hatari. Barabarani ningeelewa nikiwa nasinzia. Lakini nani anategemea gari bovu kwenye ujia wa wapangaji?

Hospitali walimfunga plasta. Tulikuwa mimi na kinyozi, na Breki akaja akikimbia na mgongo wake ule, vumbi la matairi mpaka kwenye nyusi. Kinyozi akamwendea mlangoni mwa wodi.

"Ni mimi niliyeyafagia," akasema. "Nilidhani unaniroga."

"Nilidhani mnajua," Breki akasema.

Kinyozi akatikisa kichwa, akasema anakwenda kufuata dawa, akaondoka. Mimi ilinipasa kuondoka pia. Lakini palikuwa na bango ukutani kuhusu kunawa mikono, nikalisoma kwa makini ambayo sijawahi kukisomea kitu chochote.

"Uliliona lini?" Fundi akauliza.

"Juzi jioni. Lilikuwa na ufa. Nikaligonga kwa kisigino, likalia. Jana likawa limezidi."

"Tukala."

"Ndiyo."

"Tukalala kitanda kimoja. Alfajiri nikakusikia unatoka, nikadhani unakwenda msalani. Ungenigusa bega tu, ukasema, mke wangu, pale mbele usikanyage."

"Tulikuwa tumenuniana."

"Kwa hiyo ukawaonya wapita njia wote, ukaniacha mimi."

Nilisikia Breki anavuta kiti, anakiacha, anakivuta tena. Alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

"Kila mtu pale anakujua kuliko mimi. Yule mwanamke anajua ulipougua ulikula nini. Kinyozi anajua nguo ipi ni ya nani. Nikiingia mnanyamaza. Naona kitu changu kimeibiwa pale ndani na sijui aliyechukua ni nani. Ndiyo maana nawashuku wote."

Yule mwanamke ni mimi. Niliendelea kusoma bango, lakini herufi hazikuwa zikikaa sawa.

"Hakuna aliyekuibia," Fundi akasema polepole, maana dawa ya maumivu ilikuwa imeanza kumlegeza. "Ulipokuwa njiani nilijizoesha kuishi bila wewe. Nililia kwanza, halafu nikazoea. Usinizoeshe tena ukiwa ndani."

Breki akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kulia, kwa sauti, mbele ya wagonjwa, mbele ya nesi, mbele yangu mimi Redio, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakujali ni nani anamtazama.