Tochi ya Gesi na Keria ya Mzee Tluway

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu: siku niliyoingia dukani Mbulu mjini kutafuta tochi ya gesi ya kulehemia, nikatoka sijui hata nilichofuata.

Baba na mama walikuwa wamefariki. Niliacha shule nilee wadogo zangu, na baba mdogo alishasema akija baada ya mavuno atawagawa kwa ndugu. Nikamwambia karakana ya baba, kile kibanda cha nyuma ya zizi, itatulisha. Ila tochi ya baba ilikuwa imekufa.

Muuzaji mmoja alinipa tochi ndogo ya kopo. "Hii inalehemu kila kitu, dada." Mwenzake akacheka: "Hiyo ya kuwashia sigara! Chukua yenye mpira, unaunga kwenye mtungi wa gesi." Wa tatu akataja mitungi miwili na presha, nami nikaitikia tu. Nilirudi kijijini kwetu Daudi mikono mitupu.

Jirani yetu, Mzee Tluway, alinikuta nimekaa mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza tochi zote, nikazidi kuchanganyikiwa.

"Binti, mnadani unauliza ng'ombe yupi mzuri? Si unajua kwanza unataka wa maziwa au wa kulima? Watu wamekuletea nini utengeneze?"

"Ndoo ya bati inayovuja. Na keria ya baiskeli yako."

"Basi vibebe uende navyo."

Nilipoviweka mezani kule dukani, wauzaji wakaanza kuvichunguza. Ndoo inataka kuungwa kwa risasi, madini laini yanayoyeyuka upesi, na moto mdogo. Keria inataka shaba na moto mkali, na tochi ya kopo ingeishiwa nguvu, hasa kwa baridi yetu. Nikachukua ile ya mpira, yenye koki ya kupunguza moto. Habari ya mitungi miwili mpaka leo siielewi vizuri.

Baba mdogo alipokuja, mlango wa kibanda ulikuwa wazi, mtungi uko mbali na moto, nailehemu keria niliyoizungushia matofali ili joto lisipotee. Ilipopoa, Mzee Tluway akaifunga kwenye baiskeli, akampakia mdogo wangu wa mwisho, akazunguka naye uani.

"Inabeba," akamwambia baba mdogo.

Baba mdogo akanywa chai, akaondoka peke yake.

Mwanangu, kuchanganyikiwa si aibu. Usiulize kifaa kipi ni bora kabla hujaijua kazi yako. Ibebe uende nayo, na usipoelewa, sema. Mungu aibariki mikono yako, na nyumbani kwako asipungue mtu.