Mgeni wa Baba Barazani

Mwaka wetu wa kwanza Mwaya, mama alizungumza na mimi, na kuku, na Mungu, basi. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Wadachi walimhamisha baba kutoka pwani awe karani wa forodha kwenye ncha hii ya ziwa, nasi tukamfuata kwa safari iliyomaliza viatu vyetu vyote. Mama alikuja na mdogo wangu mchanga mgongoni. Masika hayajaisha, homa ikamchukua mtoto.

Kwetu mtoto akifa, nyumba hujaa wanawake hata kabla mama mtu hajamaliza kulia kilio cha kwanza. Hapa mama alimwosha mwanawe peke yake, mimi nikimshikia kata ya maji. Majirani zetu walikuwa vijana wa Kinyakyusa waliojenga kijiji chao wenyewe, mbali na baba zao, kama ilivyo desturi huku. Wao walikuja, wakachimba kaburi, wakakaa na baba. Lakini wake zao walisimama migombani, mbali, wakaomboleza mpaka jua likazama, na hakuna hata mmoja aliyeingia uani. Mama aliwatazama kutoka mlangoni.

"Wanatulilia kwa mbali kana kwamba tuna ndui," alisema.

Aliyetukalia matanga ni mzee mmoja, baba wa vijana wanne kati ya wale. Zamani aliwahi kubeba mizigo ya misafara hadi pwani, na Kiswahili chake kilijikwaa lakini kilifika. Alikaa na baba siku zote tatu, na baada ya hapo hakuacha kuja. Alifika asubuhi baba akiwa kazini, akaketi barazani na tumbaku yake, akamngoja mpaka alasiri. Baba alimwekea kigoda mbele kabisa, kikitazama njia, maana kwetu mgeni wa heshima hafichwi nyuma ya nyumba. Baba akirudi walikumbushana vituo vya misafara, na baba akaanza kucheka tena. Mimi nilimchukia kidogo mzee yule. Alikunywa kahawa yetu kama maji, na kahawa yenyewe tuliibeba kutoka pwani.

Wanawake ndio waliotutesa. Nilikuwa nikiwaona wakija njiani na mikungu ya ndizi kichwani, wanazungumza vizuri tu. Wakifika pale nyumba yetu inapoonekana, wanavuta nguo usoni, wanaingia majanini, wanazunguka mbali kabisa. Mama aliwasalimu mwezi wa kwanza na wa pili. Kisha akaacha. Akaacha hata kusuka nywele.

Kiangazi kilipoingia alikuwa na mimba nyingine, na upweke wake ukageuka hofu. Alimwomba baba amrudishe kwao. Baba aliomba ruhusa bomani, akanyimwa.

"Nitazaa na nani?" mama alimwuliza. "Na mtoto huyu?"

Mtoto huyu ni mimi. Tangu siku ile nikawa naliogopa tumbo lake.

Mimba ilikuwa ya miezi saba alipokuja mama mmoja wa Kikisi, mfinyanzi, anayezunguka kwa mtumbwi kuuza vyungu. Alipita mbele ya mzee barazani, akamsalimu, akaingia uani bila wasiwasi wowote. Alimtazama mama tumboni kabla hajatua mzigo.

"Nani atakushika siku ile, mama?"

"Hakuna. Wananikimbia."

"Wakukimbie wewe?" Mwanamke yule alisonta kwa midomo kuelekea barazani, akapunguza sauti. "Wanamkimbia yule. Ni baba mkwe wao, maana baba wa kijana mmoja ni baba wa rika zima. Mke wa mwanawe hamtazami, hapiti alipo, hata jina lake halitaji. Ndiyo heshima ya huku. Nanyi mmemkalisha mlangoni kutwa."

"Hata siku ya msiba?"

"Hata siku ya msiba. Hawakuambii kwa sababu hawana ruhusa ya kumsema."

Mama aliketi chini, katikati ya vyungu, akalia. Alikuwa na hasira, najua, kwa sababu hata mimi nilikuwa nayo. Miezi yote ile tulikuwa tukiwachukia watu waliomlilia mtoto wetu kwa dhati. Na mzee, kumbe, kila walipojitupa majanini aliona wakwe wanamstahi inavyopasa, akaridhika na kahawa yake.

Jioni mama alimweleza baba.

"Ndiye mtu pekee niliye naye hapa," alisema.

"Nami sina hata huyo," mama akamjibu.

Kesho yake baba alimweleza rafiki yake. Mzee aliweka kikombe chini polepole. "Nilidhani mnajua," alisema. Akakusanya tumbaku yake. "Ndaga, karani," akashukuru, akaenda zake. Asubuhi iliyofuata wanawake wanne waliingia uani wakisalimu "Ugonile," kana kwamba walikuwa wakija kila siku. Mmoja alifagia. Mwingine alimkalisha mama chini akaanza kumsuka.

Baba alimtembelea mzee kwake, ng'ambo ya mto, Jumapili mbili tatu, boma likiwa limefungwa. Kisha mvua zikaanza, mito ikajaa, njia ikakatika.

Mtoto alizaliwa mchana. Wanawake walimshika mama mgongo na magoti, wakaimba, wakamkemea, wakamchekesha, nami nikafukuzwa kwa sababu nilikuwa nazuia njia. Nilitoka mbio kumpa baba habari. Nilimkuta amesimama barazani, anatazama njiani. Mzee alikuwa kwenye kona ya mbali ya njia, nguo imelowa hadi kiunoni, kuku kwapani. Sijui nani alimpelekea habari ng'ambo ya maji. Mara mmoja wa wanawake akatoka nje kumwaga maji. Mzee akageuza uso upesi, akainama, akamweka kuku majanini akiwa amefungwa miguu, akarudi alikotoka bila kuangalia nyuma. Baba alikuwa ameinua mkono kumwita.

"Ni msichana, baba," nilimwambia.

"Nenda kamchukue kuku," alisema, na hakuingia ndani kwa muda mrefu.