Kisu Kilichokata Zulia

Wiki iliyopita kazini kwetu, hapa Irving, Texas, maboksi ya glavu yalifika yamefungwa kwa ukanda mgumu. Mzee wa stoo akachomoa kisu cha kukunja mfukoni, akakifungua kwa kidole gumba. Kacha! Wenzangu wakaendelea na soga zao. Mimi nikaenda kujificha chooni mpaka uso uliponipoa. Usinicheke, rafiki yangu. Nimeshavuka miaka ishirini na mlio ule bado unanitia haya, basi leo acha niseme kwa nini.

Tulikuwa tukikaa Missouri City, pembeni mwa Houston. Baba ni dereva wa lori, Mzanzibari asiyevuta sigara wala kutazama mpira, na siku zile starehe yake ilikuwa moja tu: visu vya kukunja vilivyotengenezwa Marekani. Alikuwa navyo tisa. Jumamosi tulizunguka naye kwenye masoko ya mitumba, na kila kisu alichookota mezani alikigeuza kwanza asome maandishi kwenye shina la ubapa. Kikiwa kimetoka nchi nyingine, alikirudisha kwa adabu. "Huyu mgeni kama sisi," alisema, tukasonga mbele.

Jioni alivipanga juu ya gazeti jikoni, mama akikaanga vitunguu, na harufu ya mafuta ya visu ikachanganyika na ya chakula. Kimoja kilikuwa na mpini wa mfupa, kingine wa mti wa kahawia ulioteleza kama kokwa ya tende. Alivinoa mbele yangu, taratibu, kwenye jiwe lililoloweshwa maji, kisha akajaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono wake wa kushoto. Mkono ule ulikuwa na kipara mwaka mzima. Mama alimtania kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, ila huyu wake anakula maharage.

Nilipokua ndipo nilipoelewa alivipendea nini. Kwenye maghala ya mizigo, Watexas waliokuwa wakimpita kama nguzo ya taa walikiona kisu kwenye mfuko wa suruali yake, wakasimama kuuliza. Nao wakatoa vyao. Watu wazima wakabadilishana visu, wakavipima mkononi, wakavisifu. Baba alirudi nyumbani siku hizo akiwa na furaha ya mtu aliyesalimiwa.

Na kwa watu wetu alikuwa na heshima kubwa zaidi: ndiye aliyekuwa mchinjaji. Kila Idi kubwa familia saba za pwani zilikwenda shamba moja nje ya mji, zikanunua mbuzi, na Baba akachinja. Alikuwa na kisu chake maalumu kwa kazi hiyo, kirefu kuliko vyote. Alikinoa nyumbani, akakibeba kimekunjwa, akakifungua nyuma ya mgongo wake, maana mnyama haonyeshwi kisu wala hakinolewi mbele yake. "Mbuzi asijue," alisema, "na asisikie."

Mwaka ule, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mafuriko yaliingia mjini Idi ikiwa mlangoni. Nyumba yetu ilisalimika. Ya jirani yetu, mama mmoja wa Kongo, iliingia maji mpaka magotini, na yalipopungua tukaenda kumsaidia kung'oa zulia. Visu vya kazi havikutosha. Baba alikuwa nyumba ya pili akisaidia kutoa maji, nami nikakimbia nyumbani, nikafungua droo yake ya soksi, nikachukua kile kirefu. Ungeniona! Nilikifungua kwa mkono mmoja kama yeye, nikakata zulia lenye matope na mchanga chumba baada ya chumba. Jirani akapiga makofi: "Mutoto mwanamuke huyu iko na nguvu, eeh! Kama baba yake!" Nilivimba kichwa.

Jioni nikapitisha kidole kwenye makali. Hayakuwepo. Nikakiosha kisu, nikakipaka mafuta mpaka kikang'aa, nikakirudisha kama kilivyokuwa. Baba alikuwa amekinoa tangu kabla ya mafuriko, hakuona haja ya kukijaribu tena. Kesho yake, siku ya tatu ya Idi, barabara zilipopitika, tulikwenda shambani. Mwendo wa dakika arubaini. Nilikaa nyuma yake nikitazama kisogo chake, naye akiimba kidogo kidogo kwa furaha, na kila taa nyekundu nilijiambia nitasema kwenye taa inayofuata.

Sikusema.

Alipiga bismillahi, akavuta. Ngozi haikukatika. Akavuta tena, na mbuzi akalia kilio ambacho sitakuelezea. Mwanamume mmoja akakimbia kuchukua kisu cha mwenye shamba, akammaliza. Mzee wa kundi letu, ambaye hakuna aliyembishia, akasema mbele ya wanawake na watoto, "Hicho kisu cha maonyesho, bwana." Baba akatazama ubapa, akatazama mikono yake, akasema, "Kosa langu." Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimeshika beseni la nyama.

Mwaka uliofuata walimpigia simu mtu mwingine. Baba akaanza kuuza visu vyake, kimoja kimoja, bila kueleza. Kisha ikaja korona, yule mzee akafariki, safari za shambani zikakoma. Siku hizi nyama ya Idi tunaagiza dukani, inakuja imekatwa tayari ndani ya mifuko ya plastiki.

Siku ile ya maboksi, nilipotoka kazini, nilikaa garini nikampigia. "Baba, I'm sorry," nikaanza, maana aibu yangu imezoea kutokea kwa Kiingereza.

"Sema Kiswahili nikusikie."

Nikasema yote, zulia, droo, mafuta, taa nyekundu.

"Yule mzee kafa anajua mimi mzembe," Baba akasema. "Mwengine karudi Unguja. Hao waliobaki sijui wamehamia wapi. Sasa umenisafisha mbele ya nani, mwanangu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, kisha akangoja. Nikamtaja mama, halafu nikaishiwa majina.