Simu Moja ya Zamu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya upande wa Butula, niliitwa kabla sijafungua sanduku la nguo. Aliyekuja kuniita alikuwa askari wa lango, mzee mpole mwenye baiskeli. Aliiegesha ukutani, akanisalimia, akauliza habari za safari, za wazazi, na kama kwetu mvua imenyesha. Nilijibu yote, maana heshima si utumwa, nikamkaribisha kiti. Akakaa. Ndipo akasema, "Sasa sista, kuna mama huko anazaa, na mtoto ametanguliza miguu."

Nilitoka mbio na ndala mguu mmoja. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, na tabibu aliyekuwa mkuu wa kituo akaniambia huku ananawa mikono, "Sista Taaka, hapa hatuna simu. Simu yetu ni huyo mzee. Mfundishe." Nikamfundisha: shida kwanza, salamu tutapeana njiani. Alikubali shingo upande. Mpaka nahama, aliniona mtu mwenye kasoro kidogo ya malezi.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo mtasikia watu wakisema "niko kol." Maana yake ni kwamba uko kwako, unafua au unakula, lakini hospitali ikikuita unaacha vyote. Ni kazi ngumu kuliko ile ya kusimama wodini, kwa sababu wodini unajua uko kazini, na kwako hujui kama umepumzika. Kitu kinachoweza kuifanya ivumilike ni kujua kwa hakika zamu yako inaanza lini na inaisha lini. Hilo nililielewa nikiwa tayari mtu mzima, na aliyenifanya nilielewe ni Omuse.

Kutoka Butula nilipelekwa Alupe, nikakaa miaka kadhaa, kisha nikahamishiwa hospitali moja ndogo upande wa Malaba. Sitaitaja jina, maana wengi wa watu wake wako hai na wananijua ninakoishi. Huko nikawa msimamizi wa leba na thieta, yaani chumba cha kuzalishia na chumba cha upasuaji. Omuse alikuwa mtaalamu wa nusukaputi, yule anayempa mgonjwa dawa ya usingizi na kumlinda apumue mpaka aamke. Bila yeye daktari wa upasuaji hana la kufanya ila kushika kisu na kungoja. Alikuwa Mteso kutoka kijiji cha Moding, mnene kiasi, mwenye sauti ndogo. Akina mama walikuwa wakilala wakimsikia anawauliza majina ya watoto wao wakubwa.

Tulikuwa na wataalamu wawili tu wa kazi hiyo, yeye na Wafula, na rota, yaani ratiba ya zamu, ilibandikwa ukutani wiki ya huyu na wiki ya yule. Lakini rota ilikuwa pambo. Wafula alipanga nyumba karibu kabisa na mpaka, na simu ya mtu wa mpakani haina uzalendo. Ukiiweka dirishani inashika mtandao wa Uganda, inakukaribisha ng'ambo wakati umekaa kwako unakunywa chai, na anayekupigia anaambiwa hupatikani. Tulikuwa pia na kikundi cha wasapu cha wafanyakazi wote. Humo wito wa dharura ulikaa katikati ya picha za harusi na maombi ya asubuhi, watu wakaujibu kwa kuweka kidole gumba.

Kwa hiyo mkunga akiona damu hakusoma ukuta. Alimpigia Omuse, kwa sababu Omuse alishika simu kila mara. Afe punda, mzigo wa bwana ufike. Alikuja wiki yake na alikuja wiki ya Wafula, hakununa, na sisi tukamsifu kwa moyo wake.

Kisha mama yake akaugua. Alikuwa mjane, na dada zake Omuse walikuwa wameolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo aliyebaki karibu ni yeye. Ugonjwa ulikuwa wa ini, na Omuse, akiwa mtu wa hospitali, alijua vizuri haungepona. Aliomba kitu kimoja tu: siku ambazo si zamu yake akae Moding na mama yake. Rota tayari ilimpa siku hizo. Tuliomnyang'anya ni sisi.

Jumapili moja, wiki ya Wafula, tulimwita. Alifika kwa bodaboda, akafanya kazi yake, mama na mtoto wakapona. Nilimkuta baadaye nje ya thieta, amevua kofia.

"Mum ako aje?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nampea uji, sista. Simu ikalia kijiko kikiwa kwa mkono. Ameniuliza, 'Hao watu wako hawana mtu mwingine?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia wako. Hajaniamini."

Alicheka kidogo, akaingia kumwangalia mgonjwa. Mimi nilibaki pale na hasira mpaka masikio yakawa moto. Kesho yake nikaenda kwa metroni, mkuu wa wauguzi wote, mama mkali wa Kisamia ambaye hata madaktari walifunga vifungo wakimwona.

"Taaka, rota iko kwa ukuta," akasema. "Unataka nini ingine?"

Nikamweleza. Nilitaka simu moja ndogo ya bei rahisi, ile kabambe ya tochi, iliyofungwa isishike mtandao wa ng'ambo. Mwenye simu hiyo mkononi ndiye aliye zamu, na asiye nayo haitwi. Ikabidhiwe mkono kwa mkono, si kuachwa mezani, na anayeipokea aseme kwa mdomo wake, "Nimepokea." Anayepiga aseme mgonjwa ni nani, yuko wapi, ana nini. Anayepokea arudie aliyoyasikia, ndipo simu ikatwe.

Metroni alinisikiliza mpaka mwisho. "Na siku Wafula hatashika? Mama akifa, nitaambia watu wake nini?"

"Na siku Omuse ataanguka, utawaambia nini?"

Akavua miwani. Najua alimpenda Omuse, maana Omuse ndiye aliyempa usingizi metroni mwenyewe alipopasuliwa. "Tutajaribu mwezi mmoja," akasema. "Ikiharibika jina litakuwa langu, si lako. Enda."

Jumamosi ya wiki ya pili ya majaribio, mchana, Wafula akiwa na simu na Omuse akiwa Moding, aliletwa mama aliyekuwa anavuja damu. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa mbele ya mtoto, na hali hiyo haina subira. Nanjala, mkunga wa zamu, alishika simu yake, na nikajua kidole kinakwenda wapi.

"Piga simu ya zamu," nikamwambia.

"Sista, Omuse anashika mara moja! Huyu mwingine sijui."

"Piga ya zamu. Asiposhika, Omuse nitampigia mimi."

Niliogopa sana. Naandika hivi ili msije mkadhani nilikuwa shujaa. Nilimwona yule mama akimtafuta mumewe kwa macho, na mkono wangu mwenyewe ulikuwa mfukoni, umeshika simu yenye namba ya Omuse.

"Wafula, zamu. Sema," ikasikika sauti.

Nanjala akasema. Sauti ikarudia, "Mama, leba, kondo liko mbele, damu nyingi. Nakuja."

Alikuja kweli. Simu ilimkuta kwa kinyozi, kwa hiyo aliingia amenyolewa upande mmoja wa kichwa, upande wa pili kichaka. Akavaa kofia ya thieta juu ya aibu yake na akafanya kazi safi. Yule mama alitoka hai, na mtoto wa kike akiwa analia kwa nguvu.

Jumatatu Omuse alinifuata. Nilidhani atanishukuru.

"Nasikia Jumamosi kulikuwa na kesi. Mbona hamkuniita?"

"Haikuwa zamu yako."

"Kwani nimekosea, sista?"

Aliumia, na mimi nikaumia kumwona. Mtu akizoea kuitwa, kutoitwa kwake ni kama kufukuzwa. Nikamkalisha chini. "Hujakosea, ndugu yangu. Sisi tuko wengi. Mama yako, mwenye kumpa uji ni wewe." Akasema sawa, akaenda kupanga dawa zake. Hatukulizungumza tena. Mwezi wa majaribio ukapita, simu ikaendelea kupita mkono kwa mkono, na mvua zilipoanza mama yake akafariki. Tulikwenda Moding kumzika.

Nilistaafu miaka kadhaa baadaye. Sasa nalima mihogo yangu kwetu Butula, na ninachokosa zaidi ni kelele za watoto wachanga asubuhi. Kazi hii nilifanya maisha yangu yote, na ningeambiwa nichague tena ningechagua hiyo hiyo. Ila ningewaambia mapema wakubwa wangu kwamba anayeitika kila mara naye ana kwao.

Siku ya kuniaga metroni alisifu nidhamu yangu, daktari msimamizi akasoma sifa alizoandikiwa na karani, na Wafula akawachekesha watu kwa kisa cha kinyozi. Mwishowe Omuse akainuka, yeye ambaye hakuwahi kutoa hotuba. Alizungumza polepole, kama anayeongea na mgonjwa anayelala.

"Mama yangu alikufa mchana, siku ya kazi, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Hakuna kitu kililia kwa mfuko wangu. Simu ilikuwa kwa Wafula."

Akakaa. Mimi nikalia mbele ya watu wote, na kitenge changu kipya nikakifanya leso.