Kipande cha Kwanza cha Mumunye

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyompa baba yangu kikombe cha dawa kwa mkono wangu huu, na kabla ya adhuhuri tukawa tunambeba kumpeleka hospitali. Umenikumbusha wewe, na ile video uliyonitumia jana ya kijana anayesaga mumunye bichi na kunywa, eti linasafisha mwili kuliko vidonge vya kliniki. Subiri kidogo, usisage bado.

Nilikuwa msichana mkubwa hapa Garissa, na maswali yangu yalimchosha hata mama mzazi. Jirani yetu, Mama Kanta, mke wa muuza vitambaa, alikuwa Mhindi. Siku ya kwanza kumwona akipika mumunye nilishika mdomo. Wallahi! Kwetu sisi wafugaji hicho ni kibuyu: unakikausha, unakifukiza moshi, unatia maziwa. Nani anakula chombo?

Mama Kanta akacheka, akanivuta jikoni. Akanieleza kwamba katika Ayurveda, tiba ya wazee wao, mwili una moto wake, na mumunye ni chakula cha kuutuliza. Lina maji mengi, ni jepesi tumboni, linafaa watu wa jua kama sisi. Alilipika na dengu, bizari nyembamba na tangawizi. Sikukuu ikifika alilikuna, akalichemsha polepole kwa maziwa, sukari na iliki mpaka likawa halua. Niliuliza yote. Kwa nini linachumwa changa? Akajibu, kwani hujui mumunye huharibikia ukubwani? Kwa nini maganda hatupi? Huyakaanga yakawa chatne yake. Jambo moja tu sikuuliza: kwa nini kila akilikata aliweka kipande kibichi ulimini, akatulia, ndipo akaendelea. Nilidhani ni uroho wa mpishi.

Wakati huo baba alilalamika tumbo linamwaka. Nikasema, hee, dawa ninayo! Nikaenda mashambani kando ya mto, nikachuma mumunye lililojiotea penye ua. Nililamba maji yake: machungu kama shubiri. Basi nikafurahi! Sisi tumelelewa kwa malmal, yaani manemane, na shubiri. Dawa isiyokunja uso si dawa. Nikalitwanga, nikalikamua, nikampelekea.

Baba akapiga funda moja, akafumba macho. "Binti, mbona chungu hivi?"

"Dawa ni chungu, aabo. Maliza."

Akamaliza kwa kuniamini mimi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Haikupita saa akaanza kutapika, tumbo likamkata, kisha nikaona damu. Nilimshika kichwa nikilia, nimemuua baba yangu, nimemuua.

Hospitali walimtundikia maji siku tatu. Mama Kanta alikuja mbio, akaniuliza kama nilionja. Nikasema nilionja, lilikuwa chungu. Akanishika sikio mbele ya wagonjwa, kwa Kiswahili chake cha dukani: "Kila siku wewe naona mimi naweka kwa mdomo. Mambo yote nauliza, hii moja kwa nini hapana uliza? Mumunye chungu ni sumu! Mimi natupa, hata mbuzi hapana pata." Nikainama, sikio bado mkononi mwake.

Baba alipona, alhamdulillahi. Mama Kanta akamletea mchuzi wa mumunye, laini, mtamu. Baba akautazama, akanisukumia bakuli. "Anza wewe, daktari." Nikacheka huku machozi yakinitoka. Tangu hapo mpaka tulipomzika, sikumpikia mumunye hata mara moja bila yeye kusimama mlangoni akiniangalia nionje.

Kwa hiyo mwanangu, sikukatazi. Mumunye ni chakula kizuri, lipike, lile. Lakini kwanza kata kipande, kiweke ulimini. Likiwa chungu hata kidogo, tema, tupa lote; kulipika hakuondoi sumu yake. Na vidonge ulivyopewa kliniki usiviache kwa ajili ya juisi ya simu. Tena ukijifunza kwa mtu, usiulize yale anayoyasema tu. Uliza na lile analolifanya kimya. Kuuliza si ujinga, na mimi niliyeuliza mia nilikosea kwa moja.

Mungu akujaalie mkono wa kulisha uwapendao, na ulimi wa kutangulia mkono huo. Ijumaa njoo hapa kwangu Waberi tupike pamoja. Utakata wewe, lakini kipande cha kwanza nipe mimi.